Kwa Nini Tunakupima Presha Mara kwa Mara

Akina mama wengi huniuliza: "Sista, mbona siku ya upasuaji mnanipima presha kila mara, na mnaniuliza nilikula saa ngapi?" Jibu liko katika historia.

Mwaka 1879, Robert Felkin kutoka Uingereza alishuhudia mama akipasuliwa huko Kahura, Bunyoro, katika Uganda ya leo. Mganga wa huko alimnywesha mama pombe ya ndizi ili alegee, kisha akanawa mikono kwa pombe hiyo hiyo. Felkin aliandika kwamba mama na mtoto walipona.

Kule Edinburgh, mwaka 1847, Dkt. James Young Simpson alikuwa ameanza kuwapa akina mama wanaojifungua etha, halafu klorofomu. Uchungu ulipungua. Lakini dawa hizo zilikuwa na hatari, na wauguzi hawakuwa na mashine ya presha. Kipimo cha kufunga mkononi kilitengenezwa na Riva-Rocci wa Italia mwaka 1896. Mwaka 1905 Korotkov wa Urusi akaonyesha jinsi ya kusikiliza mshipa huku ukipima.

Mwaka 1898, August Bier wa Ujerumani alifanya upasuaji kwa kudunga dawa ya ganzi mgongoni. Hiyo ndiyo sindano ya mgongo ambayo akina mama wengi hudungwa leo. Mama hubaki macho na humsikia mtoto akilia. Lakini sindano hii hulegeza mishipa ya damu, na presha yaweza kushuka ghafla. Mama huona kizunguzungu na kichefuchefu, na damu inayomfikia mtoto hupungua. Ndiyo sababu tunakuwekea dripu, tunakuinamisha kidogo upande wa kushoto ili tumbo lisikandamize mshipa mkubwa, na tunapima presha tena na tena. Ikishuka, iko dawa ya kuipandisha.

Na chakula je? Mwaka 1946, Dkt. Curtis Mendelson wa Marekani alieleza jinsi akina mama waliolazwa usingizi walivyodhurika matapishi yalipoingia mapafuni.

Nimewahi kumhudumia mama aliyekunywa uji akaficha, akiogopa kugombezwa. Alisema ukweli tukiwa mlangoni mwa chumba cha upasuaji. Tulishukuru, kwa maana daktari wa nusukaputi alipata nafasi ya kubadilisha mpango.

Basi mama, usifiche. Sema ulichokula, dawa unazotumia, hata za kienyeji, na kama uliwahi kuambiwa una presha. Ukiwa mjamzito ukaumwa sana na kichwa au macho yakaona ukungu, usingoje siku ya kliniki. Nenda hospitali mara moja. Ukiwa mezani ukaona kizunguzungu, sema papo hapo. Mashine hupima, lakini wewe ndiwe unayejua unavyojisikia.