Kupima na kurekebisha uta: somo nililolilipia Nairobi

Likizo iliyopita nilimpeleka mwanangu wa miaka kumi na tano Nairobi, kwa mjomba wake anayekaa Kangemi, ajifunze kulenga shabaha kwa uta katika kiwanja kimoja upande wa Westlands. Nilimnunulia uta uliokwisha tumika, kwa bei ya chee, bila kupima chochote. Muuzaji alinisifia kuwa una nguvu, nami nikadhani nguvu ndiyo sifa. Wiki ya pili kijana akanipigia simu: "Baba, bega laniuma, hata kuvua kanzu siwezi." Daktari akamkataza kuvuta uta kwa wiki sita. Likizo ikaishia hapo.

Lawama ni yangu. Naandika haya ili mzazi mwingine asiyarudie, maana vijana wengi wa Pwani wanauliza habari za mchezo huu tangu Shehzana Anwar, mlenga shabaha wa Nairobi, alipobeba bendera ya Kenya kwenye ufunguzi wa Olimpiki ya Rio mwaka 2016. Nasi Waislamu tunajua kurusha mishale ni katika michezo aliyoihimiza Mtume (SAW).

Tena uta si mgeni kwetu. Wamijikenda wameutumia, na Wawaata wa nyika ya Tsavo walisifika kwa nyuta ambazo kuzivuta kulihitaji nguvu ya paundi zaidi ya 100, na mishale iliyopakwa sumu ya mti wa akokanthera. Lakini Mwaata alianza na uta mdogo utotoni akapanda ngazi. Na uwindaji ulipigwa marufuku Kenya mwaka 1977, kwa hivyo uta wa leo ni wa shabaha tu.

Kipimo cha kwanza: mwili

Anza na jicho. Nyoosha mikono yote miwili, unganisha viganja uache kitundu kidogo, tazama kitu cha mbali kupitia kitundu hicho, kisha fumba jicho moja moja. Jicho linaloendelea kukiona ndilo linaloongoza. Likiwa la kulia, shika uta kwa mkono wa kushoto na uvute kwa wa kulia.

Halafu pima urefu wa mvuto, yaani umbali ambao wewe, kwa mwili wako, utauvuta upote. Simama mgongo ukutani, tanua mikono, mtu apime kutoka ncha ya kidole cha kati hadi ncha ya kidole cha kati. Gawanya kwa 2.5. Mwanangu alipata sentimita 170, sawa na mvuto wa sentimita 68, yaani karibu inchi 27.

Kipimo hicho ndicho kinachochagua urefu wa uta. Kwa uta wa Olimpiki, ule ambao ncha zake zimepindwa kuelekea mbele na wachezaji huuita rikavu, mwenye mvuto wa inchi 25 hadi 27 hufaa uta wa inchi 66. Wa inchi 27 hadi 29 hufaa uta wa 68. Anayezidi hapo achukue wa 70. Mwanangu yuko mpakani, na wa 66 au wa 68 wote ungemfaa.

Kipimo cha pili: uzito wa mvuto

Hapa ndipo nilipoponzwa. Kwenye bawa la chini la uta huandikwa namba mbili, kwa mfano 34 na 28. Maana yake ni paundi 34 ukivutwa hadi inchi 28. Kila inchi inayopungua hupunguza takriban paundi mbili. Kwa hivyo uta niliomnunulia, kwa mvuto wake wa inchi 27, ulikuwa na paundi 32, karibu kilo 14 na nusu. Mishale 100 kwa siku ni sawa na kuvuta jumla ya kilo 1,450, kwa bega la mtoto ambaye hajawahi kuvuta chochote.

Mtu mzima anayeanza atosheke na paundi 18 hadi 24. Mtoto na kijana mdogo aanze chini ya hapo. Kipimo chepesi: vuta hadi kidevuni, tulia huku ukihesabu mpaka kumi. Mkono ukitetemeka, uta ni mzito.

Usiamini maandishi peke yake, hasa kwa uta uliokwisha tumika. Nilinunua mizani ya kupimia mizigo ya safari katika maduka ya Luthuli Avenue, ile yenye ndoano. Tia ndoano katikati ya upote, vuta taratibu hadi urefu wako wa mvuto, soma kilo, zidisha kwa 2.2 upate paundi. Ukimaliza, urudishe upote taratibu kwa mkono. Usiuachie kamwe bila mshale. Nguvu iliyokuwa iende na mshale hubaki kwenye uta wenyewe, na bawa linaweza kupasuka.

Kurekebisha: mambo manne kwa mpangilio

La kwanza ni kimo cha upote, umbali kutoka sehemu ya ndani kabisa ya mpini hadi upote, uta ukiwa umepandishwa lakini haujavutwa. Kwa uta wa inchi 68, anza kati ya inchi 8 na nusu na 9. Kikiwa kifupi, shusha upote uuzungushe mizunguko kadhaa. Hufupika, na kimo huongezeka. Kikizidi, fungua mizunguko. Uta uliokaa sawa hutoa mlio mfupi wa chini. Ukisikia kishindo na mtetemo mkononi, bado.

La pili ni mizani ya mabawa. Pima kutoka upote hadi mzizi wa bawa la juu, kisha la chini. Kipimo cha juu kinaweza kuzidi cha chini kwa milimita tatu hadi sita. Tofauti ikiwa kubwa kuliko hiyo, kagua kama bawa limejipinda kabla hujalaumu mkono wako.

La tatu ni alama ya kupachikia mshale. Mshale ukiwa umekaa mahali pake na kupiga pembe mraba na upote, alama iwe juu ya hapo kwa milimita sita hadi kumi. Ifunge kwa uzi, usitumie gundi kwanza, maana utaisogeza.

La nne ni mshale wenyewe. Uti wa mshale hupinda kidogo unapoondoka, na ugumu wake lazima ulingane na nguvu ya uta. Piga mitatu yenye manyoya, kisha miwili isiyo na manyoya, kutoka hatua kama ishirini. Kwa anayevuta kwa mkono wa kulia, ile mitupu ikienda kushoto, mishale ni migumu mno. Ikienda kulia, ni milaini mno. Ikiwa juu ya mingine, pandisha alama ya kupachikia. Ikiwa chini, ishushe. Mgeni asikate mishale yake mapema. Iachwe mirefu kuliko mvuto kwa inchi mbili au tatu, ncha isije ikaingia ndani ya kidole.

Shabaha ya uta irekebishwe mwisho kabisa. Kanuni ni kuufuata mshale: ukienda kushoto, sogeza kipini cha kulengea kushoto. Badilisha jambo moja kwa wakati, uliandike daftarini.

Na uta wa mtambo?

Wengi huniulizia ule wenye kitako na kifyatulio kama bunduki. Haumo kwenye Olimpiki, na kwa anayeanza simshauri. Aliye nao ajue hili: upote usipovutwa katikati sawasawa, mshale hupinda upande. Kabla ya kuuvuta, tia alama kwa kalamu pande zote mbili za reli, kisha vuta kwa kamba yenye vishikio viwili ili pande zilingane. Upake upote nta, na vidole vikae chini ya reli daima. Na kabla ya kununua au kuagiza kutoka nje, uliza kituo cha polisi na forodha.

Adabu ya njiani

Siku ya kurudi nilipita katikati ya jiji na mfuko wa mishale, adhuhuri ikanikuta karibu na Msikiti wa Jamia. Nikakumbuka mafundisho ya Mtume (SAW) kwamba anayepita msikitini au sokoni na mishale azishike ncha zake, asije akamdhuru mtu. Ncha zilikuwa zimefungwa vizuri, lakini nilimwachia mwenzangu mfuko nje, tukaswali kwa zamu. Mlindaji wa jengo lolote Nairobi ana haki ya kukuuliza umebeba nini. Uta ufunguliwe, ufunikwe, ujibu kwa upole.

Mwanangu amepona. Tumemtafutia mabawa ya paundi 20, na kila jioni uani kwetu huvuta mpira wa mazoezi kabla hajagusa upote. Juzi alinipa mimi nijaribu. Nilihesabu mpaka saba, mkono ukaanza kutetemeka. Akacheka, akaninyang'anya uta taratibu, akaurudisha upote kwa mkono kama inavyotakiwa.