Kinjeketile na Kosa la Shujaa

Tunapofundisha tanzia hapa Nyakabanda, Kigali, mara nyingi tunasikia hamartia ikielezwa kuwa kasoro ya tabia. Kwa Wagiriki, asili ya neno hilo ni kukosa shabaha: Oedipus anaangamia kwa kuutafuta ukweli asioujua kuwa unamhusu.

Kwetu mfano upo. Kinjeketile Ngwale wa Ngarambe alinyongwa na Wajerumani mwaka 1905, Vita vya Maji Maji vilipoanza. Katika tamthilia ya Ebrahim Hussein, Kinjeketile (1969), imani ya maji inayaunganisha makabila. Imani hiyohiyo inawapeleka watu mbele ya bunduki. Mwishoni shujaa anakataa kuikana, watoto wasije wakaambiwa kwamba wazee wao walikosea kupigana.

Basi tusiulize tu, "Ana kasoro gani?" Tuulize pia, "Wema wake ulimponza wapi?"