Kizuizi: Miaka Sabini ya Neno Moja Nchini Kenya

Tarehe 20 Oktoba 1952 Gavana Evelyn Baring alitangaza hali ya hatari. Tangu siku hiyo serikali ya kikoloni iliweza kumfungia mtu kambini bila kumfikisha mahakamani, na maelfu kwa maelfu walifungiwa hivyo. Dedan Kimathi, kiongozi wa wapiganaji wa Mau Mau, alinyongwa katika gereza la Kamiti Februari 1957. Machi 1959 wafungwa 11 wa kambi ya Hola walipigwa hadi wakafa. Anayeuliza utawala wa mabavu ulizaliwa lini kwetu hana budi kuanzia hapa, kwani mkoloni alipoondoka Desemba 1963 magereza yalibaki, na ikabaki pia fikra kwamba mpinzani ni mtu wa kufungiwa.

Mwaka 1966 Jaramogi Oginga Odinga alijitoa katika chama tawala cha KANU akaongoza chama cha KPU. Mwaka huohuo Bunge la nchi huru lilirejesha mamlaka ya kumweka raia kizuizini bila mashtaka, chini ya Rais Jomo Kenyatta, ambaye mwenyewe alikuwa amefungwa na Waingereza. Mwishoni mwa 1968 kijana wa Mombasa mwenye umri wa miaka 22, Abdilatif Abdalla, aliandika kijikaratasi alichokiita Kenya: Twendapi? Alishtakiwa kwa uchochezi akahukumiwa kifungo cha miaka mitatu. Humo Kamiti alitunga mashairi kwa siri, akiyaandika kwenye karatasi za msalani. Yalichapishwa 1973 kwa jina la Sauti ya Dhiki, na mwaka uliofuata yakapewa tuzo ya fasihi yenye jina la Jomo Kenyatta. Dola ilikuwa tayari kuusifu ushairi wake. Swali lake haikulijibu. Wakati huo KPU ilikuwa imekwisha kupigwa marufuku, Oktoba 1969, baada ya damu kumwagika Kisumu wakati wa ziara ya Kenyatta.

Daniel arap Moi aliposhika madaraka Agosti 1978, matumaini yalirudi, na Desemba aliwaachilia waliokuwa kizuizini. Furaha hiyo haikudumu. Juni 1982 kifungu cha 2A cha katiba kiliifanya KANU chama pekee halali, na jaribio la mapinduzi la tarehe 1 Agosti likampa rais sababu ya kukaza kamba. Kuanzia 1986 walioshukiwa kuwa wa Mwakenya, kundi la siri la upinzani, walipelekwa katika vyumba vya chini ya ardhi vya Nyayo House, jijini Nairobi, wengine wakisimamishwa majini kwa siku kadhaa. Mwaka 1988 ukaja mlolongo: mpiga kura alijipanga nyuma ya wakala wa mgombea, hadharani, chifu akimtazama. Kuna mahali ambapo foleni fupi ilitangazwa mshindi. Mtu aliyekwisha kuona jambo hilo kwa macho yake atauaminije tena uchaguzi? Naona jeraha hilo halijapona hadi leo.

Saba Saba, maandamano ya tarehe 7 Julai 1990 ya kudai vyama vingi, ililipiwa kwa damu. Kina mama wa wafungwa wa kisiasa waligoma kula Uhuru Park mwanzoni mwa 1992, Wangari Maathai akiwa nao. Kifungu cha 2A kilikuwa kimefutwa Desemba 1991; kizuizi bila mashtaka nacho kiliondolewa katika sheria 1997. KANU iliangushwa Desemba 2002, na Februari 2003 vyumba vya Nyayo House vikafunguliwa ili wananchi wavione. Katiba ya 2010 iliandikwa na watu waliokuwa na makovu.

Walioingia katika majengo ya Bunge tarehe 25 Juni 2024 wengi wao hawana makovu hayo. Walikuja kupinga mswada wa fedha. Makumi ya watu waliuawa katika maandamano ya majuma hayo. Baadaye vijana kadhaa walichukuliwa na watu wasiovaa sare, wakaingizwa kwenye magari na kupotea kwa siku nyingi. Amri ya kizuizi ya zamani ilitiwa saini na waziri na kutangazwa katika Gazeti la Serikali. Utekaji wa sasa hauna hata karatasi, na ndiyo maana nauogopa zaidi: hakuna sheria ya kuifuta.

Nyayo House bado ipo. Kila asubuhi vijana hupanga foleni katika ofisi za uhamiaji zilizomo humo, wakisubiri pasipoti, na vile vyumba viko chini yao.