London ya mgao wa maji

Kila nikipiga simu nyumbani nasikia maneno yale yale: "Huko raha tupu, wazungu wamezaliwa wasafi." Leo naomba niwaeleze watu wa London walivyoishi miaka ya 1850, halafu mtaamua wenyewe.

Tuanze na maji. Yaliuzwa na makampuni binafsi, na mitaa ya maskini ilikuwa na mgao. Bomba moja la uani lilihudumia nyumba nyingi, lilifunguliwa saa moja au mbili, na siku nyingine halikutoa kitu. Watu walipanga foleni na ndoo zao, wakajaza mapipa mpaka mgao mwingine. Makampuni kadhaa yalivuta maji hayo kutoka mto Thames, mto ule ule uliopokea maji taka ya jiji. Mnaona mambo hayo?

Choo nacho kilikuwa shimo, mara nyingi chini ya nyumba yenyewe. Likijaa, walikuja watu usiku kulichota kwa ndoo, kazi ile ile ya vyura wetu wa Dar, na kinyesi kiliuzwa kwa wakulima kuwa mbolea. Kuwalipa ilikuwa gharama, hivyo mashimo mengi yaliachwa yafurike, na juu yake familia nzima imepanga chumba kimoja.

Mwishoni mwa Agosti 1854, mtaa wa Broad Street, Soho, mtoto mchanga alianza kuharisha. Mama akafua nepi, maji akayamwaga kwenye shimo la nyumba. Kuta za shimo zilikuwa zimeoza, na kisima cha pampu ya mtaa kilikuwa kama mita moja tu kutoka hapo. Ndani ya siku 10 kipindupindu kiliua watu zaidi ya 500 eneo hilo.

Daktari John Snow alifuatilia waliokufa walikuwa wakichota maji wapi. Kiwanda cha bia cha jirani kilikuwa na wafanyakazi zaidi ya 70, na hakufa hata mmoja: walikunywa bia, na kiwanda kilikuwa na kisima chake! Septemba 8 mpini wa pampu uliondolewa, ingawa vifo vilishaanza kupungua kwa sababu watu wengi walikuwa wamekimbia.

Wakubwa wengi hawakumwamini, wao walisema ugonjwa unaletwa na harufu mbaya. Kiangazi cha 1858 mto ulinuka mpaka Bungeni hakukaliki. Hapo pesa zikapatikana haraka, na mhandisi Joseph Bazalgette akajenga mifereji mikubwa ya maji taka chini ya ardhi. Mwaka 1866 kipindupindu kilirudi na kuua maelfu, wengi wao mashariki mwa jiji, kule ambako mifereji ilikuwa haijakamilika. Baada ya hapo London haikupata tena mlipuko kama ule.

Kwa hiyo ndugu zangu, usafi huu hawakuzaliwa nao. Ulijengwa kwa matofali, sheria na kodi, na waliochelewa kufikiwa walizikwa. Nasi tuna haki ya kuudai kwa viongozi wetu. Wakati tunadai, nesi wenu anawaomba: chemsheni maji ya kunywa, nawisheni watoto mikono, na choo kichimbwe mbali na kisima.

Wasalimieni wote. Alamsiki.