Kuungama Hadharani: Walokole kutoka Gahini hadi Nakivale

Neno mlokole ni la Kiganda, maana yake mtu aliyeokoka. Rwanda waliitwa Abaka, yaani wanaowaka. Katika Ankole hadi leo, mlokole wa zamani hutambuliwa kwa matendo kabla ya mafundisho: aliacha pombe, alirudisha alichoiba, alisimama mbele ya watu akaitaja dhambi yake kwa jina lake. Insha hii inahusu hilo la mwisho. Kwa nini vuguvugu la uamsho lililotokea kwetu Afrika Mashariki lilifanya ungamo la hadharani kuwa njia ya kuishinda dhambi, na njia hiyo iliwafikisha wapi?

Waandishi wengi huanzia Namirembe, Kampala, mwaka 1929, daktari Mwingereza Joe Church alipokutana na Simeoni Nsibambi, wakasoma Biblia na kuomba pamoja. Mimi ningeanza nyuma kidogo, katika njaa. Mwaka 1928 na 1929 mashariki ya Rwanda ilikumbwa na njaa iliyoitwa Rwakayihura. Church alikuwa daktari wa hospitali ya misheni ya Gahini, na alifika Kampala akiwa amechoka mwili na moyo. Kituo cha misheni wakati wa njaa ni mahali penye ghala, funguo na foleni. Aliyewahi kupanga foleni Nakivale hahitaji maelezo zaidi. Penye ghala pana wizi mdogo mdogo, na pana watu wanaoingia kanisani kwa sababu ya ghala lenyewe.

Ndiyo maana kisa cha Yosiya Kinuka kinanivutia kuliko mahubiri yote ya wakati ule. Kinuka alikuwa Mhima wa Ankole, kiongozi wa wahudumu wa hospitali ya Gahini. Kazi ilikuwa imeharibika kwa ugomvi, naye alitaka kuondoka. Alipokwenda Kampala, Nsibambi hakumpa pole. Alimwambia kwamba tatizo la hospitali ni dhambi iliyo moyoni mwake mwenyewe. Njiani akirudi alitubu, na alipofika akawaambia wenzake, akakiri hata alichoiba hospitalini. Hapa utakatifu haukuanza kwa maono wala kufunga, ulianza kwa vitu vya kazini.

Mwaka 1935 moto huo ulifika Kabale kwa mkutano mkubwa, na Januari 1936 Blasio Kigozi, mdogo wake Nsibambi, akafa Kampala akiwa amejiandaa kuwaambia viongozi wa Kanisa kwamba wamelala. Mwaka 1941 chuo cha theolojia cha Mukono kiliwafukuza wanafunzi 26, William Nagenda akiwa miongoni mwao, kwa sababu hawakukubali kuacha ibada na mahubiri yao ya alfajiri. (Sisi wa leo tunafukuzwa kwa karo.)

Lakini ungamo lina upande wa pili ambao vitabu vya kanisa huupita haraka. Mtu akiungama uzinzi, anamtaja nani mwingine? Akisema aliiba pamoja na wenzake, wale wenzake hawajaamua kuokoka. Wazee wa ukoo walioona aibu kuwa jambo la kusitiriwa nyumbani walikuwa na sababu ya kuogopa. Naamini hofu yao haikuwa upinzani dhidi ya Injili peke yake. Walikuwa wakilinda amani ya nyumba.

Swali gumu zaidi ni la Rwanda. Januari 1964 askari walimuua Yona Kanamuzeyi, mtumishi wa kanisa Nyamata na mlokole, aliyekuwa akiwahudumia Watutsi waliohamishiwa huko. Wakati huo Nakivale ilikuwa tayari na Wanyarwanda waliokimbia kuanzia 1959. Miaka thelathini baadaye, 1994, watu waliuawa ndani ya makanisa ya nchi ileile uliyowaka uamsho. Wapo walokole waliokufa wakiwaficha majirani, na hilo lisisahauliwe. Hata hivyo, mkutano uliojua kuungama sigara, pombe na matusi haukuwa na mazoea ya kutosha ya kuungama chuki ya kabila, kwa kuwa chuki hiyo haikuwa siri ya mtu mmoja. Ilikuwa hewa ya wote, na hewa haina wa kuiungama.

Miaka ya 1970 kundi la Abazukufu, yaani walioamka tena, lilijitenga ndani ya uamsho likidai kwamba walokole wamepoa. Lilikaza masharti: liliyakemea mapambo na mitindo ya mavazi, na kukopa fedha likakuita dhambi. Najua wanaowacheka. Mimi siwacheki, maana walitambua kwamba deni humfunga mtu na kumfundisha kusema uongo mlangoni. Ila tulijaribu sharti hilo Nakivale. Tangu msaada wa chakula ulipopunguzwa mwaka 2023, familia nyingi hula kwanza na kulipa baadaye. Muuza duka ana daftari, na majina yetu yamo. Mama mwenye watoto watano anayekopa unga Jumatatu angehesabiwa mwenye dhambi hadi siku ya fedha, kisha mtakatifu kwa siku mbili tatu, kisha mwenye dhambi tena. Kinuka aliyekiri alichoiba alikuwa na mshahara. Mama huyu angerudisha nini, na kwa nani?