Uoto wa Kando ya Barabara ya Kampala–Jinja katika Picha za Setilaiti, 1972–2015

Msafiri atokaye Kampala kuelekea Jinja hupita katikati ya Msitu wa Mabira, wenye takriban kilomita za mraba 300, akizungukwa na ukuta wa miti. Ukuta huo ni ushahidi dhaifu. Wakulima walivamia msitu katika miaka ya 1970 na 1980, na shamba lililofyekwa nyuma ya miti ya kando ya barabara halionekani kwa apitaye garini.

Setilaiti ya Landsat 1, iliyorushwa Julai 1972, ilileta ushahidi wa aina nyingine. Majani mabichi hufyonza mwanga mwekundu na kuakisi miale ya infraredi. Tofauti hiyo hupima hali ya uoto. Hata hivyo, pikseli yake ilifunika takriban mita 80, pana kuliko ukanda wa barabara wenyewe. Landsat 4 ya mwaka 1982 ilifikia mita 30, na Sentinel-2 ya mwaka 2015 mita 10. Hivyo kumbukumbu za awali zinasimulia msitu, si kingo za barabara.

Mwaka 2007, pendekezo la kutoa takriban hekta 7,100 za Mabira kwa kilimo cha miwa lilizua maandamano Kampala, na watu wakafa. Mwaka uliofuata, picha za Landsat zilianza kutolewa bila malipo. Lakini muwa nao ni kijani: kipimo cha ukijani pekee hakitenganishi shamba na msitu. Sera inayokitegemea bila ukaguzi wa ardhini yaweza kuhesabu hasara kuwa faida.