Moshi wa mkaa, vita ya Ulaya na pumba za mpunga

Neno lenyewe linatisha: pairolisisi. Lakini babu zetu waliifanya bila kuisoma kitabuni. Mchoma mkaa wa Handeni au Kisarawe hupanga magogo, huyafunika kwa majani na udongo, huwasha, kisha huziba. Kuni zinapata joto, hewa hazipati ya kutosha, kwa hiyo haziishii kuwa majivu. Basi, hiyo ndiyo pairolisisi! Tatizo ni kwamba tanuru letu hubakiza mkaa tu. Moshi, wenye gesi na mafuta ndani yake, unakwenda zake angani.

Wazungu waliushtukia moshi huo zamani. Mwaka 1661 Robert Boyle aliandika kuhusu kimiminika alichokipata kwa kupasha mti moto ndani ya chombo kilichofungwa. Leo tunakiita methanoli. Mwaka 1799 Mfaransa Philippe Lebon akapata hataza ya taa ya gesi ya kuni. Karne ya 19 vikaja viwanda vya kutoa lami, asidi ya siki na asetoni kwenye kuni. Kisha mwaka 1923 Wajerumani wakaanza kutengeneza methanoli kiwandani kwa njia nyingine, petroli nayo ikatapakaa, na moshi wa kuni ukasahaulika.

Ikaja Vita Kuu ya Pili. Petroli ikaadimika. Sweden peke yake ilikuwa na magari zaidi ya 70,000 yanayotembea kwa gesi ya kuni na mkaa, mengine yamebebeshwa mtambo nyuma kama mtu na mtungi wake. Vita ilipokwisha, petroli ikarudi na mitambo ikatupwa.

Mafuta yakapanda tena bei mwaka 1973, wataalamu wakakumbuka. Miaka ya 1980, watafiti wa Chuo Kikuu cha Western Ontario, Kanada, walipasha unga wa kuni nyuzi joto 500 hivi kwa muda usiofika sekunde mbili, kisha wakaupoza mvuke haraka. Kwa njia hiyo kilo 100 za kuni kavu zinaweza kutoa kilo 70 au zaidi za kimiminika. Mwaka 2005 Malaysia ikajaribu kwa makapi ya michikichi, na mwaka 2015 Uholanzi ikafungua kiwanda mjini Hengelo.

Tusidanganyane: mafuta hayo ni machachu, yanakula chuma, na nguvu yake ni kama nusu ya dizeli. Huwezi kuyamimina kwenye daladala. Yanafaa zaidi kwa tanuri na boila.

Sasa tuje nyumbani. Mwaka 2024 Tanzania ilizikataza taasisi zinazolisha watu zaidi ya 100 kwa siku kutumia kuni na mkaa. Wakati huohuo pumba za mpunga, magunzi ya mahindi na maganda ya kahawa vinachomwa mashambani ili kusafisha tu!

Historia inaonyesha teknolojia hii hukumbukwa wakati wa shida na kutupwa petroli ikishuka bei. Shida yetu sisi ni misitu, na misitu hairudi kwa meli kama petroli. Mchoma mkaa anajua kuendesha moto usio na hewa kuliko wahitimu wengi tuliokaa ofisini. Kabla ya kumfukuza msituni, kwa nini tusimpe tanuru bora na gunia la magunzi?

Ni hayo tu kwa leo. Tutafakari pamoja.